Mke wa Majini: Hadithi za Mapendo kati ya Watu na Viumbe Wasio Watu

Katika kijiji kimoja kando ya mto Lualaba alikaa mvuvi aliyepata samaki kuliko wenzake wote. Nyumba yake iliezekwa kwa bati, na watoto wake walivaa nguo nzuri. Basi watu wakaanza kunong'onezana ya kuwa mtu huyu ameoa mwanamke wa majini, naye ndiye amletaye samaki wavuni. Hata mtoto wa dada yake alipokufa kwa homa, wakasema: «Hiyo ndiyo bei aliyolipa.» Tangu siku ile hapakuwa na mtu wa kumwamkia mvuvi, wala wa kununua samaki wake.

Kijana mmoja, mkatekumeni, akamwendea mwalimu wa dini, akamwuliza: «Mwalimu, je, mtu aweza kweli kuoa mke wa majini? Mjomba wangu asema ni kweli.»

Mwalimu hakumcheka. Akamjibu: «Mwanangu, neno hili lataka somo zima. Kwanza uzijue hadithi zenyewe, kisha utapima wewe mwenyewe.»

Mvuvi huyo na kijana huyo ni mfano tu, lakini maneno kama yale husemwa katika vijiji vingi. Somo la mwalimu ndilo hili.

1. HADITHI HIZI ZATOKA WAPI?

Watu wengi wadhani ya kuwa habari za mke wa majini ni za mto wao tu. Sivyo. Mataifa mengi yaliyokaa kando ya maji yametunga hadithi za mwanamume aliyependana na mwanamke atokaye majini.

Katika miji ya Katanga, kama Lubumbashi, miaka ya 1970, wachoraji walikuwa wakichora picha ya mamba muntu, na watu wakaitundika sebuleni. Picha hiyo ilionyesha mwanamke mzuri mwenye nywele ndefu, nusu yake ya chini ni samaki. Ilona Szombati-Fabian na Johannes Fabian, wataalamu wa desturi za watu, waliandika juu ya picha za namna hiyo mwaka 1976. Ilisimuliwa ya kuwa mamba muntu humpa mwanamume mali nyingi, lakini humwekea masharti: afiche siri, na mara nyingine alipe kwa uhai wa jamaa yake.

Watu wa Ulaya nao wana hadithi zao. Tabibu mmoja, Paracelsus, aliyekufa mwaka 1541, aliacha kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1566. Humo alisema ya kuwa majini mna viumbe wanaofanana na watu, ila hawana roho. Na mmoja wao akiolewa na mwanadamu, hupata roho. Neno hilo halikuwa fundisho la Kanisa, lakini watunzi wa hadithi walilipenda sana. Hata katika siku hizi hadithi za namna hii hazijakoma. Mwaka 2005 Stephenie Meyer wa Marekani alitoa kitabu kiitwacho Twilight, habari za msichana apendanaye na kiumbe anyonyaye damu, nacho kikasomwa katika nchi nyingi.

Katika hadithi nyingi za Ulaya, tatu zafaa kujulikana na mkatekumeni, kwa sababu zagusa mambo ya ahadi, ya ndoa na ya roho.

2. HADITHI YA MELUSINE

Karibu mwaka 1393, Jean d'Arras, mwandishi wa Ufaransa, aliandika hadithi hii kwa amri ya Jean, mkuu wa nchi ya Berry, aliyekuwa mwana wa mfalme.

Mwungwana mmoja, jina lake Raymondin, alikwenda kuwinda nguruwe-mwitu pamoja na mjomba wake. Kwa bahati mbaya mkuki wake ukamwua mjomba. Akapotea mwituni usiku, akili zake zimemruka kwa huzuni, hata akafika penye chemchemi. Hapo palikuwa na mwanamke mzuri aitwaye Melusine. Alimwita kwa jina lake, akamtuliza, akamfundisha jinsi ya kujiokoa. Tena akakubali kuwa mke wake kwa sharti moja: siku ya Jumamosi Raymondin asijaribu kamwe kumwona, wala asitafute habari ya mahali alipo. Raymondin akaapa.

Wakaoana mbele ya padri. Melusine akamzalia mumewe watoto wa kiume kumi, akajenga ngome na miji, na ngome iliyo kubwa kuliko zote ni ile ya Lusignan. Miaka mingi wakakaa kwa amani. Lakini siku moja ndugu wa Raymondin akamchochea, akisema ya kuwa watu wamteta mkewe kwa ajili ya Jumamosi zake. Wivu ukamshika. Akatoboa mlango kwa ncha ya upanga, akachungulia. Akamwona mkewe anaoga, naye tangu kiunoni kwenda chini ni nyoka.

Raymondin akajuta, akanyamaza. Melusine alijua, lakini kwa kuwa mumewe hakutangaza siri, akamsamehe moyoni. Baadaye mmoja wa wana wao akachoma moto monasteri, na ndugu yake mwenyewe akafa humo. Hapo Raymondin akawaka hasira, akamwita mkewe nyoka mbele ya watu wote. Mambo yakaisha. Melusine akaaga kwa machozi, akatoka dirishani, akageuka nyoka mkubwa mwenye mabawa, akaruka zake. Yasimuliwa ya kuwa usiku alirudi kwa siri kuwanyonyesha watoto wake wawili wadogo.

Jambo moja la hadithi hii lastahili kukumbukwa. Melusine alikuwa amelaaniwa kwa kosa alilomtendea baba yake. Kama mumewe angaliishika ahadi yake, Melusine angaliishi kama wanawake wengine, angalikufa kifo cha kawaida, na kuzikwa kikristu. Wokovu wake wote ulikuwa juu ya ulimi wa mtu mmoja. Nao ulimi hauna mfupa.

3. HADITHI YA UNDINE

Friedrich de la Motte Fouqué, mtunzi wa Ujerumani, alitoa kitabu cha Undine mwaka 1811. Jina Undine latokana na neno la Kilatini lenye maana ya wimbi.

Mvuvi mmoja na mkewe walipotewa na binti yao penye maji. Siku ile ile akafika mlangoni kwao msichana mdogo, nguo zake zimelowa, wakamlea. Msichana huyo, Undine, alikuwa mzuri lakini mwenye vichekesho na ukaidi, hana huruma ya kweli. Mwungwana Huldbrand akafika kwao, mafuriko yakamzuia asirudi, wakapendana. Padri mzee aliyetupwa huko na dhoruba akawafungisha ndoa.

Kesho yake Undine alikuwa amebadilika. Amekuwa mpole, mtiifu, mwenye kuwahurumia wote, kwa maana kwa ndoa ile alikuwa amepata roho. Wala hakuficha neno. Akamwambia mumewe waziwazi ya kuwa yeye ni wa jamaa ya viumbe wa majini, na kama mumewe hamtaki, yu tayari kurudi alikotoka. Huldbrand akaapa ya kuwa hatamwacha.

Lakini moyo wake ukaanza kumwelekea msichana mwingine, Bertalda, aliyekaa nao nyumbani. Undine akavumilia. Akaagiza kisima cha ngomeni kizibwe kwa jiwe kubwa, ili jamaa zake wa majini wasiingie kumdhuru mtu. Tena akamwomba mumewe asimkaripie kamwe wakiwa juu ya maji, maana hapo jamaa zake wangekuwa na haki ya kumchukua. Siku moja walikuwa katika chombo mtoni Danube. Mkufu wa Bertalda ukanyakuliwa na mkono uliotoka majini. Undine akaingiza mkono wake mtoni, akatoa mkufu mzuri wa marijani, akampa Bertalda badala ya ule uliopotea. Huldbrand akautupa mtoni, akamtukana mkewe na kumlaani kwa sababu ya jamaa zake. Undine akalia, akazama majini, asionekane tena.

Huldbrand akaamua kumwoa Bertalda. Siku ya arusi bibi arusi akaagiza jiwe liondolewe kisimani, maana alitaka maji yale ya kusafisha uso wake. Ndipo akatoka kisimani mwanamke mwenye utaji mweupe, analia. Sheria ya viumbe wa majini ilimlazimisha kumwua mume aliyevunja ahadi. Akamkumbatia Huldbrand, akambusu kwa machozi, na Huldbrand akafa mikononi mwake. Siku ya maziko chemchemi ndogo ikabubujika, ikalizunguka kaburi lake.

4. HADITHI YA BINTI MDOGO WA BAHARI

Hans Christian Andersen, mtunzi wa Denmark, alizaliwa mwaka 1805, akafa mwaka 1875. Hadithi hii aliitoa mwaka 1837.

Binti mdogo wa mfalme wa bahari alikuwa na mkia wa samaki. Alipotimiza miaka 15 akapewa ruhusa kupanda juu ya maji. Huko akaona merikebu ikivunjika, akamwokoa mwana wa mfalme, akamlaza pwani. Msichana mwingine akamkuta pale. Na mwana wa mfalme hakujua ni nani aliyemwokoa.

Binti akamwuliza nyanya yake habari za wanadamu. Nyanya akamweleza ya kuwa watu wa baharini huishi miaka 300, kisha hugeuka povu, kwa maana hawana roho isiyokufa. Wanadamu huishi miaka michache, lakini roho zao huendelea kuishi. Binti wa bahari aweza kushiriki roho hiyo kwa njia moja tu: mwanadamu ampende kuliko baba na mama, na padri aiunganishe mikono yao kwa ahadi ya uaminifu wa daima.

Basi binti akamwendea mchawi wa bahari. Mchawi akampa dawa ya kupata miguu, lakini bei yake ilikuwa sauti yake. Akamkata ulimi. Tena kila hatua ya miguu ile ilimwuma kama kukanyaga visu. Na kama mwana wa mfalme akioa mwingine, kesho yake alfajiri binti atakuwa povu.

Mwana wa mfalme akampenda binti kama mtoto, akamruhusu alale juu ya mto mlangoni pake. Hakuwaza kumwoa. Akaoa binti mfalme wa nchi jirani, akidhani ya kuwa ndiye aliyemwokoa. Na yule aliyemwokoa kweli alikuwa karibu, hana ulimi wa kusema.

Usiku wa arusi, melini, dada zake wakatokea juu ya maji, vichwa vitupu. Walikuwa wameuza nywele zao kwa mchawi ili wapate kisu. Wakamwambia: amchome mwana wa mfalme moyoni kabla jua halijachomoza, damu ikimwangukia miguuni, mkia wake utarudi, naye ataishi. Binti akaingia mahali walipolala bwana na bibi arusi. Kisu kikatetemeka mkononi. Akakitupa baharini, akajitupa naye. Lakini hakuwa povu tu. Akapokelewa na binti wa hewa, ambao kwa matendo mema ya miaka 300 waweza kujipatia roho isiyokufa.

Mwaka 1913 sanamu ya binti huyo, iliyotengenezwa na Edvard Eriksen, iliwekwa bandarini Copenhagen, nayo iko hata leo. Mwaka 1989 kampuni ya Walt Disney ya Marekani ilitoa sinema ya hadithi hii, lakini mwisho wake ulibadilishwa: binti aolewa na mwana wa mfalme. Katika kitabu cha Andersen hakupata mume. Ushindi wake ni kile kisu kilichotupwa.

5. HADITHI HIZI ZAFUNDISHA NINI?

Kwanza, zafundisha maana ya utu. Mwenye mkia wa nyoka alishika ahadi. Mwenye miguu ya mtu aliivunja. Undine aliyeanza bila roho alijifunza huruma. Huldbrand aliyezaliwa nayo alifanya moyo wake kuwa jiwe. Watunzi hawa hawakutaka kueleza habari za samaki na nyoka. Walimweka kiumbe asiye mtu karibu na mtu, ili msomaji aone vema mtu anavyopaswa kuwa. Mtu ni utu, wala si umbo.

Pili, zafundisha ya kuwa ahadi ni deni. Raymondin hakupoteza mke siku alipochungulia, bali siku alipomwaibisha mbele ya watu. Huldbrand alijua tangu mwanzo jamaa za mkewe ni akina nani, akamkubali; kisha akamtukana kwa jambo lile lile alilolikubali. Wako waume wengi wafanyao hivyo bila kuoa mke wa majini. Mume ajua ya kuwa mkewe ni wa kabila lingine, au ni maskini, au ni yatima. Amwoa hata hivyo. Kisha siku ya hasira amtupia neno hilo usoni. Neno la namna hiyo ni vigumu kurudishwa.

Tatu, zafundisha ya kuwa mapendo hayanunuliwi. Binti wa bahari alilipa sauti yake, wala hakupata moyo wa mwana wa mfalme. Ndoa yataka hiari ya wawili. Bei ya mmoja, hata ikiwa kubwa namna gani, haiwezi kushika mahali pa hiari ya mwingine. Tena hapa pana tofauti kubwa na maneno yasemwayo juu ya mamba muntu. Katika maneno hayo mwanamume apata mali, na jamaa yake alipa kwa uhai wake. Binti wa bahari aliambiwa alipe kwa uhai wa mwingine ili apone, akakataa. Huo ndio mpaka kati ya mapendo na biashara: apendaye hutoa kilicho chake, afanyaye biashara mbaya hutoa cha mwenzake.

Lakini mkatekumeni aangalie neno moja. Watunzi hawa wasema ya kuwa roho yaweza kupatikana kwa kuolewa, au kwa kazi ya miaka 300. Hiyo ni njia ya hadithi tu. Kanisa lafundisha ya kuwa kila mwanadamu huumbwa na Mungu mwenye roho isiyokufa: mume na mke, mwenye ndoa na asiye na ndoa, mtoto na mzee. Hakuna mwanamke apataye roho kwa mumewe, wala mume asijidai ya kuwa yeye ndiye aliyemfanya mkewe kuwa mtu.

6. HADITHI SI USHAHIDI

Fouqué na Andersen walijua ya kuwa wanatunga, na wasomaji wao walijua. Mtu aweza kulia kwa ajili ya Undine bila kwenda kuzibua kisima amtafute. Hadithi hukaa mahali pake, nayo ni nzuri hapo. Huharibika inapotolewa mahali pake na kuwekwa juu ya kichwa cha jirani. Hapo haiwi hadithi tena. Imekuwa mashtaka, na mshtakiwa hana njia ya kujitetea. Atasema nini? Akikana, wasema aficha siri, kama yalivyo masharti. Akinyamaza, wasema amekubali.

Mwalimu alipokwisha kusema hayo, alimwuliza kijana: «Huyo mvuvi huamka saa ngapi?»

Kijana hakujua. Basi kesho yake akaamka jogoo wa kwanza, akashuka mtoni. Akamkuta mvuvi peke yake gizani, mbele ya moto mdogo, anashona nyavu. Vidole vyake vimechanika kwa kamba. Kijana akamwamkia: «Jambo, baba.» Mvuvi akainua macho, asijibu upesi, kwa maana ilikuwa siku nyingi hajaamkiwa. Kisha akasogea, akampa nafasi penye moto. Kijana akashika upande mwingine wa wavu. Jua lilipopanda, wanawake waliokuja kuteka maji wakawaona wawili hao wakisukuma mtumbwi pamoja. Mchumia juani hulia kivulini. Na huyu alichumia gizani, watu wote wakiwa wamelala.

MASWALI NA MAJIBU

Ulizo: Hadithi za mke wa majini ni za Afrika tu?
Jibu: La. Mataifa mengi yanazo. Katika Ulaya zinajulikana za Melusine, Undine, na binti mdogo wa bahari.

Ulizo: Melusine alipoteaje?
Jibu: Mumewe alivunja ahadi, akamwita nyoka mbele ya watu wote.

Ulizo: Undine alimficha mumewe habari zake?
Jibu: La. Alimweleza yote, na mumewe akaapa kutomwacha.

Ulizo: Kwa nini binti wa bahari alitupa kisu?
Jibu: Kwa sababu hakutaka kuokoa uhai wake kwa damu ya mwingine.

Ulizo: Je, mtu hupata roho kwa kuoa au kuolewa?
Jibu: La. Kila mwanadamu huumbwa na Mungu mwenye roho isiyokufa.

Ulizo: Mkatekumeni afanye nini akisikia ya kuwa jirani ameoa mke wa majini?
Jibu: Asiyapeleke maneno hayo mbele. Aende kwa jirani, amwamkie.